Maneno Niliyomtia Mdomoni Binti wa Jukwaani

Sauti yangu ya kike si nzuri. Inaanza nyembamba, halafu katikati ya sentensi inakatika na kuwa ya mwanamume mwenye mafua. Lakini katika ile lockdown ya Sydney iliyoanza wiki chache kabla ya Idd kubwa, niliitumia kila siku. Nilikuwa nakaa kwenye zulia la sebuleni kwa shangazi, Guildford, nikimsemea msichana wa katuni ya Kijapani mwenye nywele za zambarau.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya takwimu. Mahafali yalifanyika kwenye skrini, na jina langu lilipofika nusu mtandao ukakatika, kwa hiyo mpaka leo sina hakika kama nilihitimu mzima au nusu. Mgahawa niliokuwa nafanyia kazi ulifungwa. Shangazi, dada yake baba, akanipigia simu.

"Baba, njoo ukae kwangu. Chumba kipo. Utanisaidia kidogo na mdogo wako. Kiswahili chake."

Nililifikiria lile neno "kidogo" kutoka Penrith, nilikokuwa nimepanga, mpaka nilipobadilisha treni, na baada ya kubadilisha nikaendelea kulifikiria. Shangazi ni muuguzi. Muuguzi akikwambia itauma kidogo, unajua.

Mumewe alikuwa mgodini magharibi ya nchi, na majimbo yalipofunga mipaka akabaki hukohuko. Nyumbani walikuwa wawili tu, shangazi na binti yake wa miaka tisa. Siku mbili baada ya mimi kufika tukafungiwa ndani, tukawa watatu.

Yule mtoto alikuwa anaelewa Kiswahili chote. Ukimwambia alete chumvi analeta. Ukimsengenya na mama yake, ananuna. Lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza, na kwa bibi yetu, aliyeko Tanga na ambaye Kiingereza chake kinaanza na kuishia kwenye "bai bai", hakujibu kabisa. Kila Jumapili shangazi alimpigia mama yake simu ya video, akamvuta mtoto mbele ya kamera, mtoto akasema, "Hi, Bibi. Bye, Bibi," akatoweka kama mtu aliyekanyaga moto.

Jumapili ya kwanza ya kufungiwa, bibi alichoka.

"Sikilizeni," alisema, uso wake umejaa skrini nzima kwa sababu huwa anaishika simu kama kioo cha kujipakia wanja. "Picha za huyo mtoto ninazo ukutani, tatu, na zote hazisemi. Sihitaji ya nne. Idd hii nataka nimsikie akisema na mimi, kwa lugha ninayoijua. Asiposema, hiyo simu ya kuonana msinipigie tena. Pigeni ya kawaida, tuongee wakubwa, yaishe."

Shangazi alicheka. Bibi alipokata, aliendelea kuishika simu. Alikuwa hajaenda nyumbani miaka mitano, viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa, na ule uso uliojaa skrini ndio mama aliyekuwa naye. Na bibi si mtu wa vitisho. Aliwahi kumwambia fundi kwamba asipokuja Jumatatu asije tena. Fundi akaja Jumanne. Paa la jikoni mpaka leo limeishia nusu.

"Baba," shangazi akaniambia, "umesikia mwenyewe."

Nilianza kisomi. Nikabandika karatasi kwenye friji, mlango, kabati. Nikatengeneza jedwali la ngeli lenye rangi sita. Mtoto alilitazama lile jedwali kwa heshima, kama unavyotazama ajali ya watu wengine, kisha akarudi kwenye katuni yake.

Katuni hiyo ilimhusu binti wa miaka kama kumi na miwili, mwigizaji katika kijumba cha maonyesho cha mji mdogo. Mchana anaigiza: leo malkia, kesho mwizi, keshokutwa mti. Adui akitokea, binti anarusha utepe hewani, utepe unamzunguka, viatu vinabadilika, gauni linabadilika, muziki unapigwa, na anakuwa shujaa mwenye nguvu za yule aliyemwigiza siku hiyo. Shughuli hiyo ya kubadilika inachukua karibu dakika mbili. Muda wote adui anasubiri kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa akae, chai inakuja. Adui mkuu alikuwa mwanamke mzee anayeishi ndani ya ukungu, ana meno mawili na kucha ndefu, na anaiba sauti za watu na kuzifungia kwenye chupa.

Siku ya nne nilikuwa nimekaa nyuma ya mtoto, nimekata tamaa, nikamkumbuka mfasiri wa mtaani kwetu.

Kwetu Tanga, utotoni mwangu, filamu ya kigeni haikutazamwa hivihivi. Tulienda kwenye kibanda cha video, ambako mkanda ulikuwa na sauti ya mfasiri, tukimwita DJ. Sauti ya filamu inashushwa, yeye anasema yote: stelingi, adui, mama wa stelingi, polisi, hata farasi. Kama filamu ni ya Kichina na yeye Kichina hajui, hilo halikuwa tatizo lake. Jambazi wa Hong Kong aliweza kulalamikia bei ya sukari. Hakuna aliyeuliza kama ndivyo ilivyosemwa kweli. Tuliuliza kama imenoga.

Nikachukua rimoti, nikashusha sauti mpaka sifuri. Nikakata kipande cha boksi la nepi ambalo jirani alitupa, nikakibandika chini ya skrini kufunika maandishi ya Kiingereza. Mtoto akageuka, mdomo wazi.

"Tulia," nikamwambia. "Leo anaongea Kiswahili."

Kipindi cha kwanza nilikiharibu kwa nia njema. Nilimfanya binti wa jukwaani amwamkie adui. "Shikamoo, ewe ajuza wa ukungu," nilisema kwa ile sauti yangu. "Naomba unirudishie sauti za wenzangu, tafadhali." Ajuza akajibu, "Marahaba, mwanangu, habari za masomo?" Kisha wakapigana. Mtoto alivumilia dakika tano akaenda kula mkate.

Siku iliyofuata sikuwa na la kupoteza. Ajuza alipotokea kwenye ukungu wake, nikamwacha binti aseme kama wanavyosema watu wa mtaani kwetu.

"Ewe ajuza! Meno mawili, unatafunia nini, uji?"

Mtoto akageuka kunitazama.

"Njoo hapa nikukung'ute kama mkeka wa Ijumaa! Uso umekunjamana kama shati lililolaliwa na mbuzi!"

Akacheka mpaka akalala chali. Kisha akasema, taratibu, kwa Kiswahili, kama mtu anayeonja chakula cha moto: "Nikukung'ute kama mkeka."

Ningekuwa mtu mzima wa kweli ningejiuliza hapo hapo ninafundisha nini. Nilijiuliza, tena sana, lakini nikajibu kwamba kitakwimu sentensi moja ni zaidi ya sifuri. Tukaendelea. Shangazi akishaondoka mchana kwenda zamu yake hospitalini, tunafunga pazia, boksi linabandikwa, binti wa jukwaani anaanza kuchamba watu kwa maneno. Alichamba ukungu. Alichamba chupa. Alimwambia mlinzi wa ajuza ana masikio kama vipini vya sufuria. Mtoto aliyashika yote, na sauti niliyoyasemea pia, pamoja na ile sehemu inayokatika. Ndani ya wiki mbili alikuwa anasimama mbele ya televisheni na mwiko mkononi, anasema kabla yangu.

Kitu kimoja kilinitia shaka. Kila mara binti anapoonekana nyumbani kwake, nje ya jukwaa, alikuwa kimya, anakula peke yake au anatazama dirisha. Sehemu hizo zilikuwa ndefu na hazikuwa na wa kutukanwa. Nikawa nazijaza. "Leo sisemi na mtu, nimekasirika," binti wangu alisema dirishani. "Mchele umeungua." Mtoto alinitazama kwa jicho la pembeni. Nikadhani amevutiwa.

Jumatano moja shangazi alikuwa mapumzikoni, akaja kukaa nasi na kikombe chake cha chai. Ajuza akatokea, na mtoto akaniangalia kwa furaha ya shetani.

"Ewe... mama yangu mpendwa," nikasema, sauti imekatika mapema kuliko kawaida. "Samahani kwa usumbufu. Pole na kazi."

Kwenye skrini binti alimrushia mzee wa watu mpira wa moto.

"Mbona huyu binti ana adabu hivi na anawachoma watu?" shangazi aliuliza.

"Ni utamaduni wa Kijapani, shangazi."

"Ahaa."

Mtoto alijifunika uso kwa mto wa kochi, mabega yanatikisika.

Kwa ajili ya Idd, hata hivyo, tulikuwa na mpango wa heshima. Nilimwandikia sentensi nne: Shikamoo, bibi. Idd njema. Nimekukumbuka sana. Mungu akupe afya. Tulizifanyia mazoezi kila asubuhi. Alizisema zote sawa, kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya kadi ya benki. Nikamwambia shangazi mambo yamekaa vizuri, na neno hilo nalo likanitesa, kwa sababu yalikuwa yamekaa vizuri kwenye karatasi tu.

Siku ya Idd tuliswali sebuleni, watu watatu na nafasi kubwa. Shangazi alipika biriani ya watu ishirini kwa mazoea, akazigawa sahani tukaziacha milangoni kwa majirani, tukabisha na kukimbia. Saa kumi na moja jioni, Tanga ikiwa saa nne asubuhi, tukaketi kwenye kochi, mtoto katikati, tableti imeegemezwa kwenye bakuli la tende.

Bibi akatokea. Kanga mpya, wanja, macho makali.

"Idd Mubarak. Haya, yuko wapi?"

Shangazi akamgusa mtoto bega. Mtoto akafungua mdomo. Nikamtamkia bila sauti: shi-ka-moo. Akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake, akamwangalia bibi. Nikaona kabisa zile sentensi nne zinavyomtoka, moja baada ya nyingine.

"Hi, Bibi," akanong'ona.

Bibi alisubiri. Sisi sote tulisubiri. Jogoo wa Tanga aliwika.

"Haya," bibi akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi. "Nimemwona, kakua. Zimeni tu. Kesho mnipigie ya kawaida."

"Mama, subiri kidogo," shangazi alisema.

Mtoto aliruka kutoka kwenye kochi akakimbilia jikoni. Nikafikiri amekwenda kulia. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia shangazi, kisha maneno ya kumwambia baba kwa simu, kisha nikafikiria kama kuna treni ya kurudi Penrith jioni hiyo. Mtoto akarudi. Mtandio wa mama yake ulikuwa shingoni kama joho, na mkononi ameshika mwiko wenye punje za biriani. Akazunguka mara moja, polepole, miguu pekupeku, na sisi wote watatu tulisubiri kwa adabu. Kisha akamnyooshea bibi mwiko.

"Ewe ajuza!"

Nilitaka kufa, lakini sikuwahi.

"Meno mawili, unatafunia nini, uji? Njoo hapa nikukung'ute kama mkeka wa Ijumaa!"

Sauti ilikatika palepale inapokatika yangu. Shangazi alinigeukia taratibu sana. Hakuwa na haja ya kuuliza. Kiswahili kile, kwa lafudhi ile, kilikuwa na mwalimu mmoja tu katika bara zima la Australia.

Nataka nieleze nilichosahau, maana nilikuwa na shahada na nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hicho. Mimi mwenyewe nimekua nikiitwa na bibi "mume wangu". Nilipokuwa mdogo alinidai posho mbele za watu, nami nikamjibu kwamba nitaoa mwingine, mwenye meno. Mama humwamkii kwa mzaha, wala shangazi. Lakini bibi na mjukuu ni watani, ndivyo mnavyopendana. Katika kumwandikia yule mtoto sentensi nne zenye tai na koti, nilikuwa nimemfundisha kuongea na bibi kama mgeni wa serikali.

Bibi aliisogeza simu mbali na uso. Kwa mara ya kwanza tukamwona mzima, mpaka mikono.

"Nani anatafuna uji?" akasema. "Wewe! Unayevaa pazia la mama yako! Mkeka wa kukung'utwa si huo uliokojolea wewe?"

Mtoto akashtuka. Kisha nikaona tabasamu linapanda.

"Uso... uso umekunjamana kama shati la mbuzi!"

"Mbuzi ni bwana'ko! Enhe! Kumbe marehemu babu yenu aliniachia mke mwenza huko Ulaya na hakuniambia!"

"Si Ulaya, mama, ni Australia," shangazi alisema, akicheka huku machozi yanamtoka.

"Wewe nyamaza, naongea na mke mwenzangu. Nani kakufundisha matusi haya?"

Mwiko ukanigeukia.

"Mume wangu!" bibi akasema. "Wewe! Na miwani hiyo!"

"Shikamoo, bibi," nikasema. Nilikuwa nayo tayari mdomoni.

"Usinishikamoo. Mke mwenzangu, huyo mwenye mwiko ni nani? Wewe ni nani hapo?"

Hapo mtoto alisita. Matusi yalikuwa yameisha, na jibu la swali hilo sikuwa nimelitafsiri. Alianza kuvuta neno moja moja.

"Ni... binti. Kwenye TV. Anaigiza."

"Ni shujaa, bibi," nikaingilia. "Jasiri sana, haogopi mtu—"

"Hapana," mtoto akasema. "Kaka anadanganya."

"Nadanganya?"

"Mimi nasoma. Asubuhi. Kwenye laptop ya shule." Akageukia tableti tena. "Bibi, kaka anaweka boksi. Lakini mimi nasoma kwanza. Binti si jasiri. Yeye anaogopa."

Wiki zote zile, kumbe, mtoto alikuwa anatazama kila kipindi asubuhi akiwa na maandishi yake, halafu mchana anakuja kuniangalia nikitunga. Yule aliyekuwa anaburudishwa na katuni alikuwa mimi.

"Anaogopa nini?" bibi akauliza.

"Akivaa, anasema. Akiwa malkia, anasema. Nyumbani... hasemi. Watu wanamwangalia yeye. Yeye tu. Anaogopa."

Mchele haukuwa umeungua, basi. Nilitaka kueleza kwamba sehemu zile za dirishani hazikuwa wazi sana bila sauti, lakini hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Mtoto alikuwa ameushusha mwiko, na mtandio ulikuwa unamteleza.

"Na wewe nikikuangalia unaogopa?" bibi akauliza.

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Si ungesema," bibi akasema. "Haya, siangalii."

Picha ikayumba. Tukaona kanga, tukaona kidole, kisha tukaona boriti na bati, na waya wa taa unaoning'inia. Alikuwa ameiweka simu mapajani, uso juu.

"Naangalia banda la kuku," sauti yake ikasema. "Mke mwenza, upo?"

Mtoto aliitazama ile dari ya Tanga. Kisha akaitoa tableti kwenye bakuli la tende, akailaza kwenye kochi nayo uso juu, akalala pembeni yake kwa tumbo, kidevu kwenye mikono.

"Nipo," akasema.

"Mmekula nini huko?"

"Biriani. Mama aliweka pilipili... mingi."

"Nyingi. Mama yako hajui kupika, mimi ndiye ninayejua. Na kuku mnao?"

"Hapana. Kuna ndege anaiba mkate."

"Anaibaje?"

Shangazi alinishika kiwiko akanivuta jikoni. Nilijua kinachokuja, na nilikuwa nimeshapanga utetezi wenye vipengele vitatu.

"Shati lililolaliwa na mbuzi," akasema.

"Shangazi, mimi—"

"Kaoshe sufuria."

Nikaosha sufuria ya biriani ya watu ishirini. Sebuleni sauti mbili ziliendelea, moja kubwa, moja inayotafuta maneno na kusimama, na kubwa ikiisubiri. Yule ndege alielezwa kwa urefu. Kulikuwa na Kiingereza mahali fulani, na bibi akasema, "Hiyo sikuelewa, nieleze tena," akaelezwa tena. Shangazi alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, hafuti kitu. Mara mbili alipiga hatua kwenda sebuleni, na mara mbili akarudi.

"Wakimaliza nitampa mama salamu zangu za Idd," alisema. "Sijaongea naye bado."

Muda ukapita. Nikamaliza sufuria, nikaosha hata vilivyo safi. Kisha mtoto akaingia jikoni, tableti kwapani, skrini nyeusi.

"Betri imekufa," akasema.

"Nipe niichaji basi, nimpigie bibi yako," shangazi akasema.

Mtoto aliirudisha tableti nyuma ya mgongo.

"Bibi amesema amechoka, anakwenda kula kwa watu," akasema, kwa Kiswahili, bila kuulizwa. "Na kesho nipige mimi. Nyinyi msipige. Amesema nyinyi mnaongea sana."

Akaenda kutafuta chaja.